Nani aliifunga Power Memorial?

Tarehe 30 Januari 1965, watu 12,500 walijazana Cole Field House, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Maryland, kutazama wanafunzi wa sekondari wakicheza mpira wa kikapu. Upande mmoja walikuwa Power Memorial Academy ya New York, waliokuwa wameshinda michezo 71 mfululizo. Upande wa pili walikuwa DeMatha wa Hyattsville, nao pia ni shule ya Kikatoliki. Power walikuwa na kijana mmoja mrefu kuliko wote uwanjani, Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa ligi ya kulipwa ya NBA. Kocha wa DeMatha, Morgan Wootten, aliwafanyisha vijana wake mazoezi huku mtu ameinua raketi ya tenisi juu ya kichwa, ili wazoee kurusha mpira ukapita juu ya mkono wa Alcindor. Raketi ikafanya kazi yake. DeMatha 46, Power 43.

Miaka 19 baadaye Power Memorial haikuwepo tena. Ilifungwa mwaka 1984, jengo likauzwa, likabomolewa, na mahali pake pakasimama mnara wa nyumba za kuishi.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: Kanisa Katoliki, pamoja na mali yake yote, lilishindwaje kuiokoa shule yenye jina kubwa hivyo? Swali ni la haki, lakini limeanza na neno linalopoteza watu. Neno hilo ni "Kanisa".

Kwa nje, Kanisa Katoliki huonekana kama kampuni moja yenye makao makuu Roma na matawi kila mahali. Kwa ndani mambo hayako hivyo, hasa linapokuja suala la hati ya kiwanja. Nchini Marekani shule ya sekondari ya Kikatoliki yaweza kuwa ya parokia, ikaishi kwa sadaka ya waumini wa hapo. Yaweza kuwa ya jimbo la Kanisa, askofu akawa ndiye mwenye neno la mwisho. Au yaweza kuwa ya shirika la kitawa, yaani masista, mapadre au mabruda walionunua kiwanja kwa jina lao na wanaoendesha shule kwa watu wao. Askofu huiruhusu shule hiyo kujiita ya Kikatoliki, na ruhusa hiyo ni jambo zito, kwa kuwa Sheria ya Kanisa inakataza shule yoyote kulitumia jina hilo bila idhini ya mamlaka husika. Lakini hawezi kuliuza jengo lake. Wala, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, halazimiki kulipa madeni yake.

Power ilikuwa ya aina hii ya tatu. Wenyewe walikuwa Mabruda Wakristo wa Ireland, shirika lililoanzia mjini Waterford mwaka 1802 kwa juhudi za mfanyabiashara mjane, Edmund Rice, aliyeacha biashara akaanza kufundisha watoto wa maskini. Walifika New York mwaka 1906 kwa mwaliko wa paroko wa All Saints, Harlem, Monsinyori James Power. Mwaka 1909 wakafungua All Hallows, na mwaka 1931 wakaanzisha shule nyingine ya wavulana wakaipa jina la paroko huyo aliyewapokea. Ndiyo maana ya "Power Memorial": kumbukumbu ya Padre Power. Nimeona watu wakidhani ni jina la majigambo ya michezo, kwa sababu "power" kwa Kiingereza ni nguvu. Ni jina la ukoo tu la mtu wa Ireland.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni jepesi. Iliyofunga shule ni shirika lililoimiliki, na jimbo kuu la New York halikuwa na hati mkononi. Lakini jibu hilo linasogeza swali mbele kidogo tu. Shirika lilichoka na nini?

Ili kuelewa, inabidi turudi kwenye sababu ya shule hizi kuwepo kabisa. Katikati ya karne ya 19 shule za serikali za Marekani ziliendeshwa kwa mazoea ya Kiprotestanti. Watoto walisoma Biblia ya King James darasani, na vitabu vya historia havikumwonea Papa huruma. Wahamiaji wa Ireland walipoanza kumiminika, ugomvi ulikuwa lazima. Huko New York, Askofu John Hughes alipigania sehemu ya fedha za umma kwa ajili ya shule za Wakatoliki miaka ya 1840 akaishia kunyimwa. Philadelphia, mwaka 1844, mgogoro wa Biblia mashuleni uligeuka kuwa ghasia, watu wakauawa na makanisa yakachomwa moto. Mwaka 1884 maaskofu wote wa nchi walikutana Baltimore wakaamua kwamba kila parokia isiyo na shule ijenge yake ndani ya miaka miwili. Si parokia zote zilizotimiza, ila nchi ilijaa shule.

Wanasiasa nao walijibu. Mwaka 1875 James Blaine alipendekeza katiba ya nchi ibadilishwe ili fedha za umma zisiende kamwe kwenye shule za madhehebu. Pendekezo likakwama katika Bunge la nchi, lakini majimbo ya Marekani, moja baada ya jingine, yakaliingiza katika katiba zao. New York ilifanya hivyo mwaka 1894. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi iliyotoka Oregon, kwamba mzazi hawezi kulazimishwa kumpeleka mtoto shule ya serikali. Weka mambo hayo mawili pamoja upate hali halisi: shule ya Kikatoliki ina haki ya kuwepo, lakini haina haki ya kulipiwa. Mzazi Mkatoliki alilipa kodi iliyoendesha shule asiyoitumia, kisha akalipa na ile aliyoitumia.

Hapo unajiuliza, mzazi huyo alikuwa nani? Katika New York ya 1931, mmoja wa miaka mibaya ya mdororo wa uchumi, alikuwa kuli bandarini, dereva wa tramu, polisi, mfua nguo. Watu wa kipato hicho waliwezaje kulipia sekondari ya binafsi katikati ya Manhattan?

Waliweza kwa sababu walimu hawakulipwa mshahara.

Huu ndio moyo wa habari yote, na ndio unaorukwa mara nyingi kwa kuwa hauonekani kwenye vitabu vya hesabu. Bruda ameweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Hana mke wala watoto wa kulisha. Analala kwenye nyumba ya jumuiya, mara nyingi ndani ya shule yenyewe au hatua chache kutoka hapo, anakula chakula cha pamoja, na posho inayotolewa kwa ajili yake inaingia mfuko wa jumuiya. Mkubwa wake akimwambia mwaka huu nenda New York ukafundishe hesabu, anakwenda. Mwaka ujao akiambiwa Chicago, anafunga sanduku. Hana chama cha wafanyakazi, hadai saa za ziada, na jioni huyohuyo ndiye anayesimamia klabu ya mdahalo au kuhesabu jezi.

Tupige hesabu kwa namba za mfano, ili jambo lionekane. Chukua shule ya wanafunzi 1,000 na walimu 30. Sema mwalimu wa kawaida, mlei (yaani asiye mtawa wala padre) mwenye familia, analipwa dola 6,000 kwa mwaka, na bruda anagharimu jumuiya dola 1,500. Walimu wote wakiwa mabruda, gharama ni dola 45,000, yaani dola 45 kwa kila mwanafunzi. Sasa mabruda 20 wanaondoka na nafasi zao wanachukua walei. Wale 10 waliobaki wanagharimu dola 15,000 na walei 20 wanagharimu dola 120,000, jumla dola 135,000. Kila mwanafunzi anabeba dola 135. Hakuna darasa lililoongezwa, hakuna kitabu kipya, hakuna anayefuja fedha, na gharama imepanda mara tatu. Wazazi wanaona ada imeruka, robo yao wanaondoa watoto. Wamebaki 750, walimu ni walewale 30, na mzigo wa kila mmoja umekuwa dola 180. Mara nne ya ulipoanzia. Ongeza mafuta ya kupasha jengo joto wakati wa baridi na paa linalovuja, ambavyo havipungui eti kwa sababu wanafunzi wamepungua.

Namba ni zangu, ila mwendo ndio uliotokea kweli. Shule za Kikatoliki za Marekani zilifika kilele mwanzoni na katikati ya miaka ya 1960, zikiwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5 katika shule zipatazo 13,000. Mwaka 1965 masista walikuwa karibu 180,000 na mabruda zaidi ya 12,000. Leo masista hawafiki 40,000, wengi wao wazee, na mabruda ni chini ya 4,000. Shule zimebaki chini ya 6,000, na walimu karibu wote ni walei. Mtu akikuonyesha mchoro wa shule zinazofungwa, mwombe na mchoro wa watawa. Mistari yake inafuatana kama kivuli na mtu.

Kwa nini watawa waliondoka? Wapo wanaoutupia lawama zote Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima uliomalizika mwaka huohuo 1965. Kweli Mtaguso uliyataka mashirika yarudi kwenye roho ya waanzilishi wao na kujipanga upya, na katika kujipanga huko wengi waligundua kwamba hawakuingia utawani ili kufundisha aljebra. Wengine walitaka kuishi na maskini moja kwa moja, wengine wakaacha nadhiri wakaoa au kuolewa. Lakini mimi siamini kwamba kikao cha Roma kinatosha kueleza kila kitu. Kijana wa Ki-Ireland wa Bronx mwaka 1930 alikuwa na njia chache za kupata elimu na heshima, na kanzu ya bruda ilikuwa mojawapo. Mjukuu wake mwaka 1970 alikuwa na chuo kikuu, mkopo wa masomo na kazi ya ofisini. Shule za mabruda zilifanikiwa kuwainua watu wao, na watu walioinuliwa hawakurudi kuvaa kanzu. Zilikula mbegu zake zenyewe, na sioni walichoweza kufanya tofauti.

Viongozi walijua hesabu haikai sawa, wakaenda kuomba serikalini. New York ilipojaribu kupata katiba mpya mwaka 1967, ambayo ingekifuta kile kizuizi cha 1894, wapiga kura waliikataa. Bunge la jimbo likatafuta njia za pembeni. Mwaka 1971, katika kesi iliyohusu Pennsylvania na Rhode Island, Mahakama ya Juu ikasema majimbo hayawezi kuongezea mishahara ya walimu wa shule za dini. Mwaka 1973 ikageukia sheria ya New York yenyewe, ikazuia ruzuku ya ukarabati wa majengo ya shule hizo na ile ya kuwarudishia wazazi sehemu ya ada. Ukarabati wa majengo! Kwa shule iliyokuwa ndani ya jengo la zamani katikati ya Manhattan, uamuzi huo haukuwa habari ya gazetini tu. Mahakama hiyo ilikuja kulegeza msimamo mwaka 2002 ilipokubali hati za ada za Ohio, yaani fedha za umma anazopewa mzazi kulipia shule anayoichagua, lakini kwa Power huo ulikuwa mvua iliyonyesha baada ya shamba kukauka.

Na wazazi nao walikuwa safarini. Kati ya 1970 na 1980 jiji la New York lilipoteza wakazi zaidi ya 800,000. Mwaka 1975 nusura halmashauri yake ifilisike. Familia za Ki-Ireland na Kiitaliano zilizokuwa uti wa mgongo wa shule hizi zilivuka kwenda Long Island, New Jersey na Westchester, ambako shule za serikali zilikuwa mpya na bora, bila ada. Waliobaki, na waliohamia nyuma yao, walikuwa Wamarekani Weusi na Walatino, wengi wakiwa na kipato kidogo zaidi na wengi wasiwe Wakatoliki. Walizithamini shule hizi, pengine kuliko waliotangulia. Ila hawakuwa na dola 180, na wakati huu bruda wa kuwafundishia hakuwepo.

Mpaka hapa habari ya Power inafanana na ya mamia ya shule nyingine. Kinachoitofautisha ni anwani yake.

Shule ilikuwa mtaa wa 61 magharibi, karibu na Amsterdam Avenue. Ilipofunguliwa, eneo hilo lilikuwa la watu wa chini, na jirani yake kulikuwa na San Juan Hill, mtaa wa Weusi na baadaye Wapuertoriko, nyumba zimebanana na kodi nafuu. Katika miaka ya 1950 Robert Moses, mwenyekiti wa kamati ya jiji ya kuondoa mitaa duni, aliyebomoa zaidi ya waliomtangulia wote, aliutangaza mtaa huo kuwa wa vibanda na kuufyeka. Familia zipatazo 7,000 ziliondolewa. Tarehe 14 Mei 1959 Rais Eisenhower alishika sepetu na kuzindua ujenzi wa Lincoln Center, kituo cha muziki na sanaa. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1962, jumba la opera mwaka 1966. Chuo Kikuu cha Fordham, cha Wajesuiti, kilipata sehemu ya ardhi hiyo na kujenga kampasi iliyopakana na Power.

Fikiria hali ya mabruda hao kufikia mwaka 1980. Walinunua jengo mahali ambapo mtoto wa kuli angefika kwa miguu. Sasa mtoto wa kuli amehamishwa, na dirishani wanaona watu wa opera wakishuka kwenye teksi. Wanafunzi wanatoka mbali kwa treni. Idadi inapungua, jengo linadai matengenezo, na kiwanja chini ya miguu yao kimekuwa cha thamani ambayo hakuna ada ya mwanafunzi yeyote ingeweza kushindana nayo. Kila mwaka ambao shule iliendelea kuwepo, shirika lilikuwa limekalia mali likilipa gharama ili kulikalia.

Hapa wahitimu wengi wa shule zilizofungwa hukasirika, wakasema watawa waliuza shule kwa uchu wa fedha. Naielewa hasira, lakini kuna upande ambao hausemwi. Bruda aliyefundisha miaka 40 bila mshahara hakuwa akilipa michango ya uzeeni. Sheria ya Marekani haikuwaruhusu watawa wenye nadhiri ya ufukara kuingia kwenye hifadhi ya jamii mpaka marekebisho ya mwaka 1972, na hata hapo mafao yakahesabiwa kwa posho, yakawa madogo. Wazee wakawa wengi kuliko vijana wa kuwatunza. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1988 maaskofu walianzisha mchango wa kila mwaka makanisani kwa ajili ya watawa wastaafu, na unaendelea hadi leo. Zile dola 4,500 ambazo kila bruda wa mfano wetu aliiokolea shule kila mwaka hazikuwa zawadi iliyoisha. Zilikuwa deni, na lilipoiva mali pekee iliyokuwepo ya kulilipia ilikuwa ardhi.

Tena sheria ya Kanisa haiwaachii wakubwa wa shirika kuuza wanavyotaka. Panatakiwa ridhaa ya baraza lao, na thamani ikivuka kiwango fulani panahitajika kibali cha Roma. Mauzo ya jengo kubwa la Manhattan si uamuzi wa mkuu wa shule aliyeamka vibaya. Mlango unapofungwa mbele ya wanafunzi, makaratasi yameshatembea muda mrefu, na ndiyo maana tangazo huwafikia wazazi likiwa halina pa kukatia rufaa.

Sasa turudi kwenye umaarufu. Kwa nini jina la Alcindor halikuleta fedha?

Kwanza, kushinda sekondari hakuna kipato. Alcindor aliiachia shule rekodi ya michezo 79 ya ushindi na 2 ya kufungwa, na mataji matatu ya ligi ya Wakatoliki ya jiji. Kwa fedha, hivyo ni vikombe vya kufutwa vumbi. Chuo Kikuu cha UCLA, alikokwenda, kiliuza tiketi na haki za televisheni. Sekondari ilibaki na picha ukutani. Pili, shule ya watoto wa wafanyakazi huzaa wahitimu walimu, polisi na wazima moto, watu wenye mapenzi mengi na hundi ndogo. Power haikujenga mfuko wa akiba kama zile shule za bweni za matajiri, kwa sababu miaka yote akiba yake ilikuwa ni mabruda.

Na tatu, mapenzi yenyewe hayakuwa mepesi. Alcindor alikuwa mmoja wa wanafunzi Weusi wachache pale. Kocha wake, Jack Donohue, alimtukana neno la ubaguzi wakati wa mapumziko ya mchezo mmoja, akidhani anamchochea acheze kwa bidii. Kijana alimaliza shule, lakini jeraha lilikaa naye miaka mingi kabla ya wawili hao kupatana. Baadaye akasilimu, na mwaka 1971 akaanza kutumia hadharani jina la Kareem Abdul-Jabbar. Anayedhani nyota mmoja angetoa hundi akaiokoa shule, ajiulize kwanza nyota huyo aliichukuliaje.

Vipaji havikukoma kupita. Len Elmore alisoma pale, akaja kuwa mchezaji wa kulipwa na kisha mwanasheria kutoka Harvard. Mario Elie, bingwa mara tatu wa NBA, alikuwa miongoni mwa wahitimu wa miaka ya mwisho. Chris Mullin alianzia Power kisha akahamia Xaverian, Brooklyn, na kuipatia shule hiyo taji la jimbo mwaka 1981.

Jersey City, ng'ambo ya mto, iliyarudia yote haya mbele ya macho yetu. St. Anthony, iliyokuwa chini ya masista Wafelisiani, ilitwaa mataji 28 ya jimbo la New Jersey chini ya kocha Bob Hurley, ambaye ushindi wake ulifika 1,184. Haikuwahi kuwa na ukumbi wake wa michezo; timu ilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa bingo. Hurley aliingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la mpira wa kikapu mwaka 2010 na akawa mchangishaji fedha mkubwa wa shule. Ilifungwa mwaka 2017. Ikiwa kocha hai, maarufu, mwenye kuomba kwa sauti yake mwenyewe hakutosha, picha ya Alcindor ukutani ingefanya nini?

Shule za jimbo la Kanisa, zile zilizo chini ya askofu, zina ugonjwa huohuo ila dalili zake ni tofauti. Philadelphia ilikuwa na Cardinal Dougherty, iliyofunguliwa mwaka 1956 na kupewa jina la kardinali aliyependa kujenga hadi akajiita mwashi wa Mungu. Katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na wanafunzi karibu 6,000, ikitajwa kuwa sekondari kubwa kuliko zote za Kikatoliki duniani. Ilipofungwa mwaka 2010 hawakufika 700. Hapo hakukuwa na kiwanja cha dhahabu. Kulikuwa na korido ndefu za watu 6,000 zinazopashwa joto kwa ajili ya watu 700.

Mabruda wa Ireland wenyewe walikuwa na pigo jingine mbele yao. Mwezi Aprili 2011 taasisi zao za Amerika Kaskazini ziliomba kinga ya mufilisi mahakamani, zikielemewa na madai ya watu waliodhulumiwa kingono utotoni, hasa jimbo la Washington na Newfoundland, Kanada. Mwaka huohuo Rice High School, shule yao ya Harlem iliyoanza mwaka 1938 kwa jina la mwanzilishi wao, ilifunga milango. Watu hupenda kuchukua kashfa hiyo na kuirudisha nyuma hadi kwa Power. Tarehe hazikubali. Power ilikuwa imekwisha miaka 27 kabla ya maombi hayo, na iliuawa na hesabu ya mishahara na ya ardhi. Kashfa ilikuja kumaliza kilichobaki cha shirika, nayo inastahili kusimuliwa kwa haki yake bila kugeuzwa jibu la kila swali.

Shule ikifungwa, kuna kazi moja isiyofungwa. Mhitimu wa mwaka 1978 anayeomba leseni ya kazi bado huweza kuambiwa alete matokeo ya sekondari. Kwa hiyo kabati za kumbukumbu huhamishiwa shule dada, ofisi ya jimbo au makao ya shirika, na mtu fulani, mara nyingi karani mmoja, hubaki akijibu barua za shule isiyo na kengele. Vitabu vya takwimu navyo vinaendelea kuandika "Power Memorial, New York" mbele ya jina la Abdul-Jabbar.

Na DeMatha? Wenyewe ni shirika pia, Watrinitari, waliofungua shule yao mwaka 1946. Ila Hyattsville ni kitongoji cha mji mkuu, Washington, upande ambao familia zilikuwa zikihamia, na hakuna aliyejenga jumba la opera nje ya dirisha lao. Wootten, mlei aliyefundisha pia historia, aliendelea kuwa kocha pale hadi mwaka 2002. Shule ipo mpaka leo, bado ya wavulana, na bado inacheza mpira wa kikapu.